Ukubwa wa sindano za biopsi ya titi

Ukubwa wa sindano za biopsi ya titi ni unene wa sindano zinazotumika kutoa seli au kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye uvimbe wa titi, bila upasuaji, ili kichunguzwe kwa hadubini. Unene huo hupimwa kwa namba za geji. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Sindano za kazi hii huanzia geji 25, ambayo ni nyembamba kuliko ile ya kawaida ya kutolea damu, hadi geji 7, yenye unene wa zaidi ya milimita 4.

Uchaguzi wa sindano huamua mambo mawili kwa pamoja: usumbufu anaoupata mgonjwa siku ya kipimo, na kiasi cha majibu ambacho maabara inaweza kutoa baadaye. Sindano nyembamba huumiza kidogo na ni ya bei nafuu, lakini sampuli yake huweza kushindwa kujibu maswali yote ya daktari. Jambo hilo lina uzito wa pekee mahali ambapo hospitali iko mbali na nyumbani, kama ilivyo kwa vijiji vingi vya Milima ya Uluguru katika mkoa wa Morogoro, Tanzania. Huko sampuli isiyotosha humaanisha safari nyingine ya kushuka mlima na majuma mengine ya kusubiri.

## Namba za geji

Geji ni kipimo cha zamani cha unene wa waya kilichoanzia kwa mafundi wa Uingereza, ambacho baadaye kilichukuliwa kupima sindano za hospitali. Namba zake hupanda wakati unene unashuka. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaujua utaratibu wa namna hiyo kutoka kwenye mabati ya kuezekea: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Vipimo vya mabati na vya sindano havilingani kwa milimita, ila mwelekeo wa namba ni uleule.

Unene wa nje wa sindano zinazotajwa mara nyingi katika biopsi ya titi ni kama ifuatavyo:

| Geji | Unene wa nje (mm) |
|---|---|
| 25 | 0.51 |
| 22 | 0.72 |
| 21 | 0.82 |
| 18 | 1.27 |
| 16 | 1.65 |
| 14 | 2.11 |
| 11 | 3.05 |
| 9 | 3.76 |
| 8 | 4.19 |

Tofauti ya milimita chache huonekana ndogo, lakini kiasi cha nyama kinachotoka hufuata eneo la mkato wa sindano, si unene peke yake. Sindano ya geji 14 ina eneo la mkato karibu mara 2.8 ya geji 18, na karibu mara 1.6 ya geji 16. Kwa sababu hiyo kushuka hatua moja au mbili za geji huweza kupunguza sampuli kwa nusu au zaidi.

## Aina za sindano

### Sindano nyembamba ya kunyonya

Sindano za geji 21 hadi 25 huunganishwa na bomba la sindano la kawaida. Daktari huipitisha ncha ndani ya uvimbe mara kadhaa huku akivuta, kisha humwaga seli zilizotoka juu ya kioo cha slaidi na kuzitandaza. Mara nyingi ganzi haihitajiki, na kazi yote huchukua dakika chache. Mahali palipo na mtaalamu wa kusoma seli, majibu huweza kupatikana siku hiyohiyo.

Njia hii hufaa sana kwa uvimbe wa maji, kwa sababu sindano hutoa maji na uvimbe hunywea papo hapo. Hutumika pia kuchunguza tezi za kwapani. Majibu yake hupangwa katika makundi matano: sampuli isiyotosha, hali isiyo ya saratani, seli zenye mabadiliko yasiyo wazi, hali inayoshukiwa kuwa saratani, na saratani.

Upungufu wake ni kwamba hutoa seli zilizotawanyika, si nyama yenye mpangilio wake. Msomaji wa slaidi anaweza kuona kuwa seli ni za saratani, lakini hawezi kusema kwa uhakika kama saratani imebaki ndani ya mirija ya maziwa au imevunja ukuta na kuingia kwenye nyama ya jirani. Tofauti hiyo hubadilisha tiba.

### Sindano ya kukata

Sindano za geji 14 hadi 18 hufungwa kwenye kifaa chenye springi, ambacho mara nyingi huitwa bastola ya biopsi. Sindano ya ndani ina pengo ubavuni. Kitufe kinapobonyezwa, sindano hiyo huruka mbele na kuingia katika uvimbe, na ala yake ya nje huifuata kwa kasi na kukata nyama iliyolala katika pengo. Kinachotoka ni kipande chembamba kama uzi, chenye urefu wa karibu sentimita 2.

Ganzi hudungwa kwanza, kisha ngozi hukatwa kidogo kwa ncha ya kisu ili sindano ipite. Kwa kawaida huchukuliwa vipande 3 hadi 5 kutoka sehemu tofauti za uvimbe uleule. Geji 14 ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa uvimbe mgumu wa titi. Geji 16 na 18 hutumika pia, hasa pale uvimbe unapokuwa karibu na ukuta wa kifua, mshipa mkubwa wa damu au kwapa, lakini huhitaji vipande vingi zaidi ili kufikia kiasi kilekile cha nyama.

### Sindano ya ombwe

Sindano za geji 7 hadi 14 huunganishwa na mashine inayonyonya nyama hadi ndani ya pengo la sindano kabla ya kukata. Sindano huingizwa mara moja tu, kisha pengo huzungushwa kuelekea pande zote na vipande hutolewa kimoja baada ya kingine. Geji 8 hadi 11 ndizo zinazotumika sana. Kipande kimoja cha sindano ya kukata ya geji 14 huwa na uzito wa karibu miligramu 17, wakati kipande cha sindano ya ombwe ya geji 11 hukaribia miligramu 100.

Njia hii ina faida kubwa kwa vichembe vidogo vya kalisi vinavyoonekana kwenye mammografia bila uvimbe unaopapasika. Hasara yake ni gharama: mashine ni ghali, sindano zake za kutumia mara moja ni ghali, na mara nyingi huhitaji mammografia yenye kifaa maalumu cha kuelekeza sindano.

## Ulinganisho wa usahihi

Kwa uvimbe mgumu unaoonekana kwenye ultrasaundi, sindano ya kukata ya geji 14 hugundua saratani nyingi mno kati ya zile zilizopo. Katika tafiti zilizokusanya matokeo ya hospitali nyingi, njia hiyo ilikosa saratani chache tu katika kila 100. Sindano ya ombwe huongeza kidogo sana katika kundi hili la wagonjwa, na ndiyo sababu haihesabiwi kuwa ya lazima kwa uvimbe wa kawaida.

Tofauti hujitokeza pale ugonjwa unapokuwa na sura mchanganyiko. Sindano inaweza kuchukua sehemu yenye mabadiliko madogo na kuacha sehemu yenye saratani pembeni yake. Hali hii huitwa kukadiria chini. Wagonjwa ambao sindano ya kukata ya geji 14 imewaonyesha mabadiliko ya seli yasiyo saratani bado, hukutwa na saratani baada ya upasuaji katika sehemu ya karibu mbili kwa tano au zaidi. Kwa sindano ya ombwe ya geji 11 sehemu hiyo hushuka hadi karibu mmoja kwa watano. Kwa hiyo jibu la namna hiyo kutoka kwa sindano yoyote huhitaji mjadala kuhusu kuondoa eneo lote.

Usahihi wa sindano nyembamba ya kunyonya hutegemea sana mikono ya anayechukua sampuli na macho ya anayeisoma. Palipo na wataalamu wenye uzoefu hufanya vizuri. Pasipo na wataalamu hao, sampuli zisizotosha huongezeka.

Hakuna sindano inayosomwa peke yake. Madaktari hulinganisha mambo matatu: walichopapasa, walichokiona kwenye picha, na kilichoonekana kwa hadubini. Ikiwa picha inaonyesha uvimbe wenye dalili zote za saratani lakini maabara inasema nyama ni ya kawaida, jibu hilo halipokelewi kuwa la mwisho. Sampuli hurudiwa.

## Maswali ambayo sampuli inapaswa kujibu

Swali la kwanza ni kama uvimbe ni saratani au la. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, hasa kwa wasichana na wanawake vijana, ambao mara nyingi huwa na fibroadenoma. Lakini jibu likiwa ni saratani, tiba haiwezi kupangwa kwa neno hilo moja. Daktari huhitaji kujua pia:

* aina ya saratani na kama imevunja ukuta wa mirija
* daraja lake, yaani seli zimebadilika kwa kiasi gani
* kama ina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni
* kama ina protini ya HER2 kwa wingi

Majibu mawili ya mwisho huelekeza dawa. Saratani yenye vipokezi vya homoni hutibiwa kwa vidonge kama tamoksifeni, ambavyo haviwasaidii wagonjwa wasio na vipokezi hivyo. Saratani yenye HER2 kwa wingi huwa na dawa yake, trastuzumabu. Vipimo hivyo hufanywa kwa kukata nyama iliyohifadhiwa katika vipande vyembamba na kuipaka rangi maalumu. Nyama ya sindano ya geji 14 kwa kawaida hutosha kwa vyote. Seli za sindano nyembamba huweza kupimwa vipokezi kwa utaratibu maalumu, ila maabara nyingi huona ni vigumu kutoa jibu la kutegemewa.

Swali la sampuli ni zito zaidi pale mgonjwa anapoanza kutibiwa kwa dawa kabla ya upasuaji, jambo la kawaida uvimbe unapokuwa mkubwa. Dawa zinaweza kuufuta uvimbe wote, na hapo vipande vya biopsi hubaki kuwa kumbukumbu pekee ya ugonjwa ulivyokuwa.

## Utunzaji wa sampuli

Sindano nzuri haisaidii kitu kama nyama imeharibika njiani. Vipande hutumbukizwa katika fomalini isiyo na asidi ya asilimia 10 mapema iwezekanavyo, ndani ya saa moja, katika chupa yenye fomalini takriban mara kumi ya ujazo wa nyama. Kwa vipimo vya vipokezi, nyama inapaswa kukaa humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Ikikaa kidogo mno au kupita kiasi, kipimo kinaweza kusema hakuna vipokezi wakati vipo, na mgonjwa akakosa dawa inayomfaa.

Maji ya bomba, maji ya chumvi au chupa kavu havifai kuhifadhia nyama hiyo. Chupa huandikwa jina la mgonjwa, tarehe, titi la kulia au la kushoto, na saa nyama ilipotumbukizwa. Baada ya kugandishwa katika nta maabarani, nyama huweza kuhifadhiwa kwa miaka mingi bila jokofu na kupimwa upya ikihitajika.

## Madhara na hofu

Madhara ya kawaida ni maumivu kidogo na damu kuvilia chini ya ngozi. Hupunguzwa kwa kukandamiza mahali hapo kwa dakika kadhaa mara baada ya kipimo. Damu kuvilia huongezeka kadiri sindano inavyokuwa nene, lakini madhara makubwa yanayohitaji tiba hutokea kwa mgonjwa chini ya 1 katika 100 wa sindano ya kukata. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, anapaswa kumweleza daktari mapema. Sindano huelekezwa sambamba na ukuta wa kifua ili isitoboe mapafu.

Hofu iliyoenea katika jamii nyingi ni kwamba kuchoma uvimbe hufanya saratani isambae. Ni kweli kwamba seli chache zinaweza kusukumwa kwenye njia ya sindano, na maabara zimeziona. Hata hivyo nyingi kati yake hufa, na tafiti hazikuonyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa biopsi ya sindano huishi muda mfupi kuliko waliofanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe bila kuupima kwanza. Hofu hiyo hupata nguvu kwa sababu wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na wanapozidiwa baada ya kipimo, kipimo ndicho kinacholaumiwa.

## Historia

Kutoa seli za uvimbe kwa sindano kulielezwa na Hayes Martin na Edward Ellis wa Memorial Hospital, New York, mwaka 1930. Walitumia sindano ya geji 18, ambayo leo huhesabiwa kuwa nene kwa kazi ya kunyonya seli. Njia ya sindano nyembamba ilikuzwa zaidi na madaktari wa Uswidi kuanzia miaka ya 1950.

Mwaka 1982 Per-Gunnar Lindgren, pia wa Uswidi, alieleza kifaa chenye springi kilichoweza kukata nyama kwa haraka. Mwaka 1990 Steve Parker na wenzake nchini Marekani walitangaza matokeo ya kutumia kifaa cha namna hiyo kwa matiti wakiongozwa na mammografia. Kazi zilizofuata ndizo zilizoifanya geji 14 kuwa kipimo cha kulinganishia sindano nyingine. Sindano ya ombwe iliingia katika matumizi mwaka 1995.

## Morogoro na Milima ya Uluguru

Nchini Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Tafiti zilizofanywa katika hospitali kubwa za nchi zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa wagonjwa hufika katika hatua ya tatu au ya nne. Katika hatua hizo uvimbe hupapasika kwa mkono, na kwa kawaida sindano ya kukata inayoongozwa na ultrasaundi, au hata na vidole vya daktari, hutosha kupata nyama. Vichembe vya kalisi visivyopapasika, ambavyo ndivyo sababu kuu ya kutumia sindano ya ombwe, hugunduliwa hasa mahali ambapo wanawake wasio na dalili hupimwa kwa mammografia mara kwa mara.

Milima ya Uluguru huinuka mara moja kusini mwa mji wa Morogoro na kupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Miteremko yake ya mashariki, yenye vijiji kama Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi sana. Upande wa magharibi uko Mgeta, unaojulikana kwa mboga zinazopelekwa katika masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Jina la Matombo lenyewe ni neno la Kiluguru lenye maana ya matiti, na huhusishwa na miamba ya mahali hapo inayofanana nayo.

Mgonjwa kutoka vijiji hivi huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na ikibidi hupelekwa Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 190 kutoka mjini Morogoro. Huko ndiko zilipo Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road, inayotoa tiba ya mionzi. Tangu Juni 2024 treni ya SGR imefupisha safari ya kati ya Morogoro na Dar es Salaam, lakini kipande cha kutoka kijijini hadi mjini hubaki kuwa cha bodaboda, gari la abiria au miguu, na njia za mlimani huwa ngumu wakati wa masika.

Katika mazingira hayo ulinganisho wa sindano hubadilika. Sindano nyembamba ni nafuu ikihesabiwa bei ya sindano peke yake. Ikiwa jibu lake ni "sampuli isiyotosha", au "saratani" bila maelezo ya vipokezi, mgonjwa hulazimika kurudi kuchomwa tena kwa sindano nene, na nauli, siku za shamba zilizopotea na muda wa ugonjwa kukua huongezwa kwenye bei hiyo. Sindano ya geji 14 hugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini huwezesha chupa ya fomalini kusafiri kwenda maabara badala ya mgonjwa mwenyewe. Bastola ya springi ya aina inayotumika tena haihitaji umeme, na ni sindano yake tu inayobadilishwa kwa kila mgonjwa.

Sindano nyembamba hubaki na nafasi yake katika hospitali za ngazi ya chini. Hutofautisha haraka uvimbe wa maji na uvimbe mgumu, na huweza kumpunguzia wasiwasi mama anayenyonyesha ambaye uvimbe wake ni maziwa yaliyoziba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mwaka 2021 mpango wa kimataifa wa saratani ya matiti wenye lengo la kupunguza vifo kwa asilimia 2.5 kila mwaka. Moja ya nguzo zake ni kwamba uchunguzi wote, kuanzia mgonjwa anapofika hospitali hadi kupata majibu kamili, ukamilike ndani ya siku 60. Biopsi moja inayorudiwa huweza kumaliza sehemu kubwa ya siku hizo.

## Tazama pia

* Saratani ya matiti
* Biopsi
* Mammografia
* Patholojia
* Taasisi ya Saratani Ocean Road
* Milima ya Uluguru
* Mkoa wa Morogoro